Wingu la kompyuta: chuo na kampuni waligawana nini Berkeley

Ukituma pesa kwa simu, hesabu haifanyiki ndani ya simu yako. Simu inapeleka ombi tu. Kompyuta kubwa iliyo mbali ndiyo inayoangalia salio, inatoa upande mmoja, inaongeza upande wa pili, kisha inakurudishia ujumbe. Kompyuta hiyo inaitwa seva. Watumiaji wengi wa M-Pesa nchini Kenya hawakuwa na habari kwamba hadi mwaka 2015 seva zilizokuwa zikihesabu fedha zao zilikuwa Ujerumani. Mtu wa Kitui alimtumia pesa jirani yake wa ng'ambo ya mto, na ombi likaenda Ulaya na kurudi.

Siku hizi kampuni nyingi, benki, mashirika na hata serikali hazinunui seva zote zinazohitaji. Zinakodi. Huko kukodi kompyuta za mtu mwingine kupitia intaneti ndiko kunakoitwa wingu. Jina lenyewe linadanganya kidogo, maana hakuna kitu kinachoelea angani. Ni majengo makubwa yenye ulinzi, umeme mwingi na mitambo ya kupoza joto, na ndani yake zimepangwa kompyuta kwa maelfu. Microsoft ilifungua vituo vyake vya kwanza vya namna hiyo barani Afrika mwaka 2019, huko Afrika Kusini. Amazon ikafuata mjini Cape Town mwaka 2020.

Msikilizaji anaweza kuuliza: ujuzi wa kuandika programu za kuendeshwa kwenye majengo hayo unafundishwa wapi, na nani aliyelipia utafiti wake? Sehemu kubwa ya jibu iko Marekani, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kuanzia mwaka 2005 walimu wa hapo walifanya makubaliano na kampuni kubwa za teknolojia, na masharti ya makubaliano hayo bado yanagusa watu wasiowahi kusikia jina la Berkeley.

Mashine ya kusaga na vibarua thelathini

Kwanza tuelewe wingu lilibadilisha nini. Kijijini si kila nyumba ina mashine ya kusaga. Mwenye mashine ni mmoja, wengine wanapeleka mahindi na kulipa kwa debe. Huna gharama ya kununua mashine wala ya kumlipa fundi inapoharibika, na ukiwa na debe moja unalipia hilo hilo moja. Amazon ilianza biashara ya namna hii mwaka 2006, ikikodisha nafasi ya kuhifadhi data pamoja na nguvu za kompyuta, ikitoza kwa matumizi.

Mwezi Februari 2009 walimu na wanafunzi wa Berkeley walitoa ripoti iliyoeleza jambo hilo kwa lugha iliyonyooka, wakati watu wengi hata katika fani yenyewe walikuwa wakilitaja neno wingu bila kukubaliana maana yake. Ripoti ilionyesha mambo matatu: mteja anapata kompyuta nyingi kadiri anavyotaka, papo hapo, halazimiki kulipa mtaji mwanzoni, na analipia muda mfupi alioutumia, kisha anaachia.

Halafu wakaonyesha hesabu ambayo kwangu ndiyo kiini cha ripoti nzima. Kukodi seva 1 kwa saa 1,000 na kukodi seva 1,000 kwa saa 1 ni bei ile ile. Mwenye shamba la mpunga ataelewa haraka. Kibarua mmoja kwa siku 30 au vibarua 30 kwa siku moja, ujira ni ule ule, lakini kwa vibarua 30 mpunga unaingia ghalani kabla mvua haijanyesha. Kabla ya wingu, aliyeweza kuita seva 1,000 kwa saa moja alikuwa ni tajiri tu. Ripoti ilitoa mfano wa kampuni ndogo iliyoitwa Animoto. Wateja walipoifurika ghafla, ilipanda kutoka seva 50 hadi 3,500 kwa siku tatu. Kwa njia ya kununua, hata mzigo wenyewe usingekuwa umefika.

Fedha za serikali zilipopungua

Ripoti hiyo ilitoka katika maabara iliyoitwa RAD Lab, na maabara hiyo ilizaliwa kwa sababu ya njaa. Kwa miaka mingi utafiti wa kompyuta katika vyuo vya Marekani ulilishwa kwa kiasi kikubwa na DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 fedha hizo kwa vyuo zilipungua. Profesa David Patterson, mmoja wa vigogo wa fani hii duniani, akaamua kugonga milango ya kampuni.

Mwezi Desemba 2005 ilitangazwa kwamba Google, Microsoft na Sun Microsystems zitaifadhili maabara mpya kwa dola milioni 7.5 ndani ya miaka mitano. Kila kampuni ingetoa dola 500,000 kwa mwaka. Ukizingatia ukubwa wa kampuni zile, hizo si fedha nyingi. Kwa chuo zilikuwa nyingi, kwa sababu zilitosha kulipa ada na posho za wanafunzi wa uzamivu, ambao ndio wanaofanya kazi nzito ya utafiti.

Lengo walilojiwekea lilikuwa kubwa kuliko bajeti. Walitaka kufika mahali ambapo mtu mmoja, bila jeshi la wahandisi, angeweza kubuni huduma ya intaneti na kuiendesha ikahudumia mamilioni ya watu. Wakati ule jambo hilo lilihitaji kampuni nzima.

Lakini jambo la kuangaliwa zaidi ni masharti. Kampuni zililipa bila kuwa wamiliki wa kitakachopatikana. Ilikubaliwa tangu mwanzo kwamba programu zitakazotokana na utafiti zitatolewa kwa umma chini ya leseni ya BSD. Herufi B katika jina hilo ni Berkeley yenyewe, maana leseni hiyo ilianzia chuoni hapo katika miaka ya 1980. Inasema hivi kwa ufupi: chukua programu hii, itumie, ibadilishe, hata iuze, mradi usifute majina ya walioiandika wala usiwadai fidia ikikuharibikia. Kwa hiyo Google ilikuwa ikilipia kitu ambacho Microsoft ingekichukua bure, na Microsoft vivyo hivyo. Mtu wa Mwanza au Kisumu naye angekichukua bure.

Mbona walikubali? Jibu halina siri kubwa. Kampuni hizo zilipata mambo mawili ambayo fedha peke yake hainunui: kujua mapema mambo yanakoelekea, na kuwajua kwa majina wanafunzi hodari kabla hawajahitimu. Mara mbili kwa mwaka maabara nzima ilihama kwa siku chache ikakutana na wahandisi wa kampuni nje ya chuo. Wanafunzi walieleza kazi zao, na mwisho wageni wakasema waziwazi nini kina maana na nini ni kupoteza muda. Mwanafunzi aliyekuwa akitatua tatizo ambalo halipo duniani aliambiwa mapema.

Kulikuwa na desturi nyingine, nayo ningependa ivuke bahari ifike kwetu. Kila maabara ilipewa umri wa miaka mitano hivi, kisha inafungwa. Ni kama kamati ya harusi: sherehe ikiisha, kamati inavunjwa, na harusi nyingine inaundiwa kamati yake. RAD Lab ilipomaliza, mwaka 2011 ikaja AMPLab iliyoshughulikia data nyingi kupita kiasi. Hiyo nayo ikafungwa mwaka 2016 na nyingine ikachukua nafasi. Hakuna aliyebaki ofisini akilinda kiti cha mradi uliokwisha kufa.

Shindano la filamu

Mfano mzuri wa jinsi ushirikiano ule ulivyofanya kazi ulianzia kwenye filamu. Mwaka 2006 kampuni ya Netflix, ambayo wakati huo ilikuwa ikikodisha filamu za DVD kwa posta, ilitangaza zawadi ya dola milioni 1. Ilitoa data ya maksi zaidi ya milioni 100 ambazo wateja walizipa filamu. Atakayetengeneza programu ya kukisia maksi hizo vizuri zaidi ya programu ya kampuni kwa angalau asilimia 10, atachukua fedha.

Mmoja wa walioshindana alikuwa Lester Mackey, mwanafunzi wa uzamivu hapo Berkeley. Tatizo lake lilikuwa kasi. Programu maarufu ya wakati ule ya kuchambua data kwenye seva nyingi iliitwa Hadoop, nayo ilikuwa na tabia moja: kila ilipomaliza hatua ilirudisha matokeo yote kwenye diski, kisha ikayasoma upya kwa hatua inayofuata. Fikiria mpishi anayerudisha chumvi, mafuta na mwiko ghalani kila akishakoroga mara moja. Kwa kazi inayopita data ile ile mara kumi au mia, mpishi huyo atalala njaa.

Mwenzake katika maabara, Matei Zaharia, alikuwa ameshaiona Hadoop ikifanya kazi ndani ya Facebook, kwa sababu maabara ilikuwa na uhusiano na kampuni hiyo. Hakuwa akiisoma tu kitabuni. Mwaka 2009 akaanza kuandika programu mpya inayoacha data jikoni, yaani kwenye kumbukumbu ya haraka ya kompyuta, mpaka kazi iishe. Akaiita Spark.

Timu ya Mackey ilifikisha asilimia 10.06. Washindani wao walifikisha kiwango hicho hicho, lakini walikuwa wametuma kazi yao dakika chache tu kabla. Milioni ikaenda kwao. Spark ikabaki.

Mwaka 2010 ilitolewa wazi kwa kila mtu, na mwaka 2013 ikakabidhiwa kwa Apache, taasisi isiyo ya kibiashara inayolea programu huria. Mwaka huo huo Zaharia, profesa Ion Stoica, Ali Ghodsi na wenzao wanne walianzisha kampuni ya Databricks, inayouza huduma za wingu zilizojengwa juu ya Spark. Leo hiyo ni miongoni mwa kampuni kubwa za teknolojia duniani, lakini Spark yenyewe bado yeyote anaweza kuipakua bila kuwalipa.

Tusidhani pia kwamba kampuni ndizo zilizolipa kila kitu. Wafadhili wa AMPLab walikuwemo Amazon, Google na SAP, lakini mwaka 2012 taasisi ya serikali ya kufadhili sayansi ya Marekani iliipa maabara hiyo dola milioni 10. Kodi ya wananchi ilikuwa ndani ya chungu.

Malalamiko ya waajiri

Utafiti ni upande mmoja. Upande wa pili ni ufundishaji, na huko kampuni zilikuja na lawama. Patterson na mwenzake Armando Fox waliwauliza watu wa kampuni za programu: wahitimu wetu wana upungufu gani? Lalamiko lililoongoza halikuwa hesabu wala lugha mpya ya kompyuta. Waajiri walisema wahitimu hawajui kushika programu kuukuu, yaani iliyoandikwa na watu wengine zamani, isiyo na maelezo, na ambayo bado inategemewa. Chuoni kila zoezi linaanza na ukurasa mtupu. Kazini hakuna ukurasa mtupu. Ni kama fundi aliyejifunza kwa gari jipya la maonyesho, halafu siku ya kwanza gereji analetewa gari lililokwisha kufungwafungwa nyaya na mafundi watatu kabla yake.

Waliongeza mengine: vijana hawapimi kazi yao kabla ya kuitoa, hawajui kufanya kazi kwa timu, na hawajui kuzungumza na mteja asiye mtaalamu wa kompyuta.

Fox na Patterson wakaandika upya somo lao la uhandisi wa programu. Wanafunzi waligawanywa katika timu ndogo, na kila timu ikapewa mteja wa kweli, mara nyingi shirika la kujitolea lisilo na fedha za kuajiri mtaalamu. Timu inamsikiliza mteja, inajenga kipande kidogo, inamwonyesha, inasikia "hapana, sikumaanisha hivyo", inarekebisha. Vipimo vya programu vinaandikwa kabla ya programu yenyewe. Na kila kitu kinawekwa kwenye wingu, ili mteja akifungue kwa kompyuta yake mwenyewe badala ya kuonyeshwa picha darasani.

Hapo ndipo wingu lilipookoa shule. Zamani somo kama hilo lingehitaji chuo kinunue seva za kutosha darasa zima, zitumike wiki chache za mwisho wa muhula, kisha zikae na vumbi. Kwa wingu unakodi wiki hizo tu.

Mwezi Februari 2012 somo hilo lilifunguliwa kwenye intaneti kwa mtu yeyote duniani, kwanza kupitia Coursera, baadaye kupitia edX. Waliojiandikisha walikuwa makumi ya maelfu. Hakuna mwalimu wa kusahihisha madaftari mengi kiasi hicho, kwa hiyo kazi zilisahihishwa na programu. Fox na Patterson waliandika pia kitabu cha somo hilo.

Panapouma

Ushirikiano wa namna hii una maumivu yake, na si haki kuyaficha. Kwanza, kampuni hufadhili kinachoipendeza. Mwanafunzi akifundishwa kwa wingu la kampuni moja tu, mikono yake inazoea zana za kampuni hiyo, na akiajiriwa atashauri zinunuliwe hizo hizo. Pili, kampuni huondoka na walimu. Patterson mwenyewe, baada ya takriban miaka 40 Berkeley, alistaafu na mwaka 2016 akaenda Google. Kwa chuo tajiri hilo ni pengo. Kwa idara yenye walimu sita linaweza kuwa msiba.

Tatu ni kufungwa. Ripoti ya mwaka 2009 iliorodhesha vikwazo kumi vya wingu, na kimojawapo ni ugumu wa mteja kuhama na data yake. Kuingia ni rahisi, kutoka kuna nyaya. Maabara ya sasa ya Berkeley, Sky Computing Lab iliyoanza mwaka 2022 chini ya Stoica, inatafuta njia ya programu kuhama kutoka wingu moja hadi lingine kwa urahisi, kama unavyoweza kumpigia wa mtandao mwingine wa simu bila kubadili laini yako. Kampuni kubwa za wingu hazina sababu nyingi ya kuifanya kazi hiyo zenyewe. Ni mfano wa jambo ambalo chuo kinaweza kulifanya kwa sababu tu si kampuni.

Leseni ya Berkeley kwenye zahanati

Afrika Mashariki ushirikiano wa vyuo na kampuni upo pia. Mwaka 2013 kampuni ya IBM ilifungua maabara ya utafiti ndani ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, jijini Nairobi. Mjini Kigali, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kina tawi lililotokana na makubaliano na serikali ya Rwanda ya mwaka 2011, likifundisha shahada za uzamili za uhandisi na teknolojia ya habari.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na msikilizaji wa kijijini hauna kampuni kubwa ndani yake. Nesi wa zahanati nchini Tanzania akiandika kwenye vitabu vya MTUHA watoto wangapi wamechanjwa na wajawazito wangapi wamehudhuria kliniki, takwimu hizo huishia kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa DHIS2. Mizizi ya mfumo huo iko Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na unaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, wilaya zote zikiingiza takwimu kwa intaneti kwenye seva moja kuu badala ya kila wilaya kuwa na kompyuta yake yenye virusi na matoleo tofauti. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina maabara yake ya DHIS2, na wataalamu wake huandika programu za kuongezea kwenye mfumo huo.

Wanaruhusiwa kufanya hivyo bila kuomba ruhusa Oslo, kwa sababu DHIS2 inatolewa kwa leseni ya BSD, ile ile iliyoanzia Berkeley na ambayo Google, Microsoft na Sun ziliikubali mwaka 2005. Wizara ya afya hailipi ada ya leseni kwa kila zahanati inayoongezwa. Inachogharamia ni seva, intaneti, mafunzo na mishahara ya watu wanaoujua mfumo. Hapo kwenye mishahara ndipo vyuo vinapohitajika, maana programu ya bure isiyo na mtu wa kuirekebisha huwa ghali siku inapogoma.

Kuhusu vijiji ambavyo mtandao hufika kwa kusuasua, DHIS2 ina programu ya simu za Android inayoweza kufanya kazi bila intaneti. Mhudumu wa afya anaingiza taarifa za mama na mtoto akiwa nyumbani kwao, simu inazitunza, na anapofika mahali penye mtandao zinatumwa kwenye seva. Bando linatumika wakati wa kutuma tu.